Mnyauko wa mbaazi: Mchujo wa mbegu huamua mzigo wa msimu

Mfanyabiashara wa mbaazi kwa kawaida huanza kuhesabu mali yake pale gunia linapopanda kwenye mizani. Hesabu hiyo huwa imechelewa. Sehemu kubwa ya mzigo utakaopatikana au kukosekana huamuliwa miezi mingi kabla, siku mkulima alipochagua mbegu ya kupanda katika udongo wenye ugonjwa wa mnyauko fusari.

Ugonjwa huo huletwa na ukungu wa udongoni uitwao Fusarium udum. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea E. J. Butler aliuelezea India mwaka 1906, na leo unafahamika katika maeneo yote makuu ya mbaazi ya Afrika Mashariki na Kusini. Tathmini zilizofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kuwa wastani wa mimea iliyonyauka mashambani ulikuwa asilimia 15.9 Kenya, asilimia 20.4 Tanzania na asilimia 36.3 Malawi. Hasara ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 5 kwa mwaka katika kila nchi.

Kwa mnunuzi, takwimu hizo zina maana moja. Katika kila mimea mitano aliyoiona ikistawi wilayani Babati au Masasi, mmoja uliweza kuwa kuni kabla ya mavuno.

SOKO LINATAKA NINI

Mbaazi za Afrika Mashariki zina mnunuzi mmoja mkubwa, nayo ni India. Nchi hiyo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote. Mavuno yake yasipotosheleza, hununua kutoka Myanmar na Afrika, ambako Tanzania, Msumbiji na Malawi ni miongoni mwa wauzaji wakuu.

Faida ya mkulima wa Afrika iko kwenye kalenda. Mbaazi nyingi za ukanda huu huingia sokoni kati ya Agosti na Oktoba, wakati akiba ya India imepungua na mavuno yake makuu, ambayo huanza kuonekana sokoni kuanzia Desemba, bado yako shambani. Mzigo unaofika Mumbai katika kipindi hicho huwa na nafasi nzuri ya bei. Unaochelewa hukutana na mavuno ya wenyewe.

Wafanyabiashara wa India hawazinunui mbaazi hizo kwa jina moja. Katika taarifa zao za soko, mbaazi za Tanzania hutajwa kama "Arusha" na "Matwara", yaani Mtwara kwa matamshi ya huko, nazo za Msumbiji huitwa "Gajri". Kila jina lina bei yake, kwa sababu kiwanda cha kukoboa na kuparaza hutazama ukubwa wa punje, rangi yake, na kiasi cha dali safi kinachopatikana kwa kila kilo mia zinazoingia mashineni.

Hivyo mzigo unatakiwa uwe na mambo matatu: uwe mwingi, uwahi, na punje zake zikubalike. Mnyauko hupiga moja kwa moja jambo la kwanza. Uchaguzi mbaya wa mbegu katika kuukimbia mnyauko unaweza kuharibu la pili na la tatu.

UGONJWA UNAVYOKULA MTAJI

Ukungu huu huingia kwa njia ya mizizi, hupanda ndani ya shina na kuziba mirija inayopeleka maji kwenye majani. Mmea huanza kuwa na majani ya njano, hulegea kana kwamba umekosa mvua, kisha hukauka. Mara nyingine tawi moja hufa huku mengine yakibaki na kijani. Dalili ambayo mnunuzi anaweza kuitambua bila kuwa bwana shamba ni mkanda wa rangi ya zambarau unaopanda juu ya gome kutoka chini ya shina. Ukibandua gome mahali hapo, utaona michirizi ya kahawia au nyeusi kwenye mti wa ndani. Mmea ulioumizwa na ukame peke yake hauna michirizi hiyo.

Ugonjwa unaweza kuua miche michanga, lakini hushika kasi hasa mmea unapotoa maua na vitumba. Hapo ndipo hatari ya kifedha ilipo. Wakati huo mkulima amekwisha kutumia nguvu zake zote za palizi, na mnunuzi aliyetoa pesa mapema amekwisha kuzitoa.

Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha jinsi wakati wa shambulio unavyobadilisha hasara. Mmea ukinyauka kabla ya kufunga vitumba, hasara inakaribia asilimia 100. Ukinyauka wakati vitumba vinakomaa, hasara ni kama asilimia 67. Ukinyauka karibu na kuvuna, ni kama asilimia 30. Hata punje zinazobaki kwenye mmea uliokufa mapema huwa nyepesi na zilizosinyaa, na mizani husema hivyo hivyo.

Uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Mnunuzi ana oda ya makontena mawili ya futi 20, tani 24 kila moja, jumla tani 48. Amekubaliana na wakulima wenye jumla ya ekari 160 na anakisia kilo 300 kwa ekari. Kwenye karatasi mzigo umetimia. Moja ya tano ya mimea ikifa kabla ya kufunga vitumba, na mimea iliyobaki isifidie pengo, zitapatikana tani 38.4. Pengo ni tani 9.6. Mnunuzi huyo atalazimika kulijaza kwa bei ya siku, akishindana na wenzake ambao nao wamepungukiwa, au apeleke kontena la pili likiwa pungufu huku gharama za lori, bandari na meli zikibaki karibu zile zile. Faida ya msimu mzima inaweza kuishia ndani ya pengo hilo.

KWA NINI JIBU LIKO KWENYE MBEGU

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayomlipa mkulima mdogo dhidi ya mnyauko fusari. Ukungu unaishi udongoni, nao huweza kubaki hai kwenye masalia ya mizizi na mashina kwa takriban miaka 3. Dawa ya kupaka mbegu husaidia siku za mwanzo, lakini mbaazi za muda mrefu hukaa shambani miezi saba hadi tisa, na dawa hiyo haiwezi kuulinda mmea muda wote huo.

Kilimo cha kubadilisha mazao husaidia. Majaribio ya India yalionyesha kuwa kupanda mtama pamoja na mbaazi, au kuutanguliza, hupunguza mnyauko. Kinyume chake, desturi ya kukata mbaazi baada ya mavuno na kuziacha zichipue kwa msimu wa pili huongeza ugonjwa, kwa sababu mizizi ya zamani huuhifadhi ukungu. Hata hivyo, mwenye ekari mbili hana uwezo wa kuiacha ardhi yake bila mbaazi kwa miaka mitatu. Njia anayoimudu ni mbegu yenye ukinzani, na mbegu hiyo hupatikana kwa mchujo.

MCHUJO UNAVYOFANYIKA

Kazi ya kuchuja mbaazi zenye ukinzani inahitaji jambo ambalo mkulima yeyote angelikimbia, yaani shamba lenye ugonjwa mwingi. Watafiti hukusanya mashina na mizizi ya mbaazi zilizokufa kwa mnyauko, huzikatakata na kuzichanganya kwenye udongo wa kitalu. Kisha hupanda hapo aina dhaifu msimu baada ya msimu, na masalia yake kurudishwa ardhini, hadi karibu mimea yote ya aina hiyo iwe inakufa. Hapo kitalu huwa tayari kwa kazi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame, ICRISAT, iliyoanzishwa mwaka 1972 yenye makao yake Patancheru, India, ilieneza mtindo huo. Vituo vya Afrika Mashariki navyo vimeutumia, kikiwamo Ilonga, wilayani Kilosa, Tanzania.

Aina zinazopimwa hupandwa kwa mistari ndani ya kitalu hicho. Kila baada ya mistari michache hupandwa mstari wa aina dhaifu inayojulikana, ili iwe shahidi. Shahidi akifa, watafiti wanajua kuwa ugonjwa ulikuwapo mahali pale. Shahidi akipona, matokeo ya jirani zake hayahesabiwi, kwa sababu huenda yamepona kwa bahati. Mimea iliyonyauka huhesabiwa ikiwa michanga, wakati wa maua na wakati wa kukomaa, na kila aina hupewa asilimia yake.

Ipo pia njia ya haraka ya nyumbani mwa mimea. Miche michanga hung'olewa, ncha za mizizi hukatwa, kisha mizizi huchovywa kwenye maji yenye mbegu za ukungu na miche kupandwa kwenye vyungu. Aina dhaifu hufa katika wiki chache. Njia hiyo huokoa muda, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya shamba, ambako joto, udongo na mvua hubadilika.

Tena shamba moja halitoshi. Uchunguzi wa vimelea vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za Kenya umeonyesha kuwa ukungu huu una sura nyingi, na baadhi ya vimelea ni vikali kuliko vingine. Aina iliyopona mahali pamoja inaweza kuanguka mahali pengine. Ndiyo maana mchujo wa kuaminika hufanyika katika nchi zaidi ya moja.

Matokeo ya mchujo wa namna hiyo yalichapishwa mwaka 2006, baada ya aina kadhaa kupimwa Kenya, Malawi na Tanzania. Aina iliyopewa namba ICEAP 00040 ilikuwa na mnyauko wa chini ya asilimia 20 katika nchi zote tatu. Aina KAT 60/8, inayokomaa mapema kuliko mbaazi za muda mrefu, ilinyauka kwa asilimia 87.3 Kenya, 92.0 Malawi na 90.9 Tanzania. Mkulima aliyepanda aina hiyo ya pili katika udongo mgonjwa alikuwa amepoteza karibu shamba lote kabla hajajua bei ya soko.

MCHUJO WA PILI NI WA SOKO

Kupona shambani hakutoshi. Malawi ililijua hilo mapema. Mwaka 1987 nchi hiyo iliidhinisha aina ICP 9145, ambayo asili yake ilikuwa mbaazi zilizokusanywa Kenya. Ilihimili mnyauko, na wakulima waliokuwa wamepoteza mashamba waliipokea. Tatizo lilikuwa punje zake, ambazo hazikuvutia wakoboaji kama zile za aina za kienyeji zilizokuwa zikifa. Mkulima alijikuta na mavuno ya uhakika ambayo mnunuzi aliyatafutia kasoro.

ICEAP 00040 ilipita michujo yote miwili. Punje zake ni kubwa na zina rangi ya krimu inayopendwa na viwanda. Malawi iliiidhinisha mwaka 2000 kwa jina la Kachangu. Tanzania iliiidhinisha mwaka 2002, ikaiita Mali. Mwaka uliofuata Tanzania iliidhinisha aina nyingine iitwayo Tumia, na mwaka 2015 zikaongezwa aina kadhaa, zikiwamo Karatu 1, Kiboko na mbili zilizobeba jina la Ilonga.

Mnunuzi asichukulie kuwa kila aina mpya ni kinzani kwa kiwango kile kile. Aina nyingine huidhinishwa kwa sababu ya kukomaa mapema au kutoa mavuno mengi. Swali la kuuliza ni hili: aina hii ilipimwa kwenye kitalu chenye ugonjwa, na ilinyauka kwa asilimia ngapi? Hilo ni swali la biashara kama lilivyo swali la unyevu wa punje.

Muda wa kukomaa nao una uzito wake. Mali ni ya muda mrefu na inafaa kanda ya kaskazini, ambako hupandwa pamoja na mahindi na kubaki shambani baada ya mahindi kuvunwa. Ikipelekwa mahali penye mvua fupi na joto, inaweza kuukwepa mnyauko ikakutana na ukame, au ikachelewa kuwahi meli.

NYUKI NA MBEGU YA KURUDIA

Mbegu iliyopita michujo yote miwili bado inaweza kupotea mikononi mwa mkulima. Mbaazi huchavushwa kwa sehemu na nyuki. Kiasi cha mimea inayopata chavua kutoka nje hutofautiana sana, lakini kinaweza kufikia robo au zaidi. Mkulima akipanda Mali kando ya shamba la jirani lenye aina dhaifu, akaweka mbegu yake, na mwakani akafanya hivyo hivyo, baada ya misimu michache anachokiita Mali ni mchanganyiko. Ukinzani hupungua, na ukubwa na rangi ya punje huanza kuyumba. Mnunuzi huona gunia lenye rangi mbili na kukata bei, bila kujua kuwa chanzo chake ni shamba la jirani.

Upungufu wa mbegu safi ndio uliochelewesha manufaa ya mchujo. Utafiti uliofanyika Babati na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wakulima wengi waliozifahamu aina mpya na kuzitaka hawakuzipanda kwa sababu hawakuweza kupata mbegu. Makampuni makubwa huvutiwa zaidi na mahindi chotara, ambayo mkulima hulazimika kuyanunua kila mwaka. Mbaazi humruhusu aweke mbegu yake mwenyewe, hivyo wateja hawarudi kila msimu.

Pengo hilo ndilo nafasi ya mwekezaji mdogo. Sheria ya mbegu ya Tanzania inawaruhusu wakulima na vikundi waliosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya usimamizi wa Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, na kuziuza ndani ya eneo lililowekwa na kanuni. Mtaji wake si mkubwa kama wa kampuni. Linahitajika shamba lililotengwa mbali na mbaazi nyingine, mbegu ya chanzo kutoka kituo cha utafiti, uangalifu wa kung'oa mimea isiyofanana, na ghala lisilo na bungua. Anayeingia humo ajue tangu mwanzo kuwa mteja wake wa kudumu ni yule anayerudi kila baada ya misimu miwili au mitatu kusafisha mbegu yake. Mpango wa mauzo uliojengwa juu ya wateja wa kila mwaka utamwachia magunia ghalani.

MIPAKA YA UKINZANI

Msimu wa mwaka 2017 ulionyesha wazi mahali ukinzani unapokoma. Baada ya ukame kupandisha bei mwaka 2015, wakulima wa India na Afrika walipanda kwa wingi. India ilivuna sana, na Agosti 2017 ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwa mwaka mzima wa fedha. Msumbiji ilikuwa imekwisha kutia saini makubaliano ya kuiuzia India mwaka 2016. Wakulima wa Tanzania walikuwa wakivuna. Bei shambani zilianguka hadi mia chache za shilingi kwa kilo, na waliokuwa na mavuno mengi zaidi ndio waliobaki na marundo makubwa zaidi.

India iliondoa kikomo hicho Mei 2021 na baadaye ikarefusha ruhusa hiyo kwa vipindi. Kinachorefushwa kwa vipindi kinaweza pia kusimamishwa. Mbegu kinzani hupunguza hatari ya kukosa mzigo, lakini hatari ya bei inabaki palepale. Anayepanga fedha zake azitenge hatari hizo mbili, kwa kuwa kuimaliza moja hakuigusi nyingine.

Ukinzani wenyewe nao si wa milele. Ukungu hubadilika, na udongo unaopandwa aina moja mfululizo huupa ukungu nafasi ya kuizoea. Mchujo ni kazi ya kila mwaka, na vitalu vyenye ugonjwa vikitelekezwa kwa kukosa fedha, madhara yake huonekana sokoni baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo hakuna mbegu mbadala iliyo tayari.

CHA KUFANYA KABLA YA KUTOA PESA

Mnunuzi anayetoa fedha kabla ya mavuno anaweza kupunguza hatari kwa hatua chache zisizo na gharama kubwa.

Kwanza, aulize jina la mbegu na mwaka iliponunuliwa. Mbegu iliyorudiwa kwa miaka mingi haina tofauti na mbegu isiyo na jina.

Pili, aulize shamba lilipandwa nini misimu miwili iliyopita. Mbaazi juu ya mbaazi, au mbaazi zilizokatwa na kuachwa zichipue, ni dalili ya hatari.

Tatu, atembelee shamba wakati wa maua. Ahesabu mimea 100 katika sehemu tatu au nne tofauti, si pembeni mwa barabara peke yake, na abandue gome la ile iliyonyauka. Idadi ya yenye michirizi ya kahawia ndiyo ya kupunguza kwenye makisio yake.

Nne, asiuze mbele tani zote alizokisia. Mahali ambapo mbegu haijulikani, moja ya tano iliyowahi kupotea Tanzania kwa wastani ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Katika msimu wa 2024 mbaazi za mikoa kadhaa ya Tanzania ziliuzwa kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Mnada huwaweka wanunuzi wengi mbele ya mzigo ule ule, hivyo mzigo wenye punje za rangi moja na ukubwa mmoja unaonekana haraka. Chama ambacho wanachama wake wamepanda mbegu moja safi kina bidhaa ya kuonyesha. Chama kilichokusanya mchanganyiko kitauza kwa bei ya mchanganyiko.